Mchi wa Pili

Mdoli wa mafunzo hajali umri wa mtu. Nilimkandamiza kifua dakika mbili mbele ya kikosi chetu chote, pale ukumbini Kabati, jasho likinishuka mpaka kwenye nyusi. Kioo kidogo kilichounganishwa naye kikabaki chekundu mwanzo hadi mwisho. Mkufunzi wetu, kijana wa Murang'a aliye mdogo kuliko kitindamimba wangu, alijikuna shingo kabla ya kusema neno.

"Mum, unafinya vizuri, nguvu iko. Lakini uko slow sana. Mgonjwa hawezi kungoja hivyo."

Nilikasirika, sifichi. Miaka tisa nimekuwa nikijitolea kwenye ambulensi ya Tawa, nikiacha cherehani na gauni la mtu likiwa halina mkono mmoja kila simu inapolia. Nimezalisha wawili barabarani, na wote wawili sasa wanaenda shule. Nikamwambia kijana kwamba mashine yake imeharibika. Hakubishana nami. Alimwita mwenzangu wa pili, kioo kikawa chekundu. Akamwita wa tatu, kikawa chekundu vilevile.

"Kwani huwa mnahesabu na nini?" akauliza.

Tukamweleza. Tulipofunzwa mara ya kwanza, tulipewa pambio moja la kanisani litushikie mwendo, maana lilikuwa na kasi inayofaa. Tangu hapo tulifanya mazoezi kila mwezi baada ya ibada, tukiliimba. Akatuomba tuliimbe. Tukaimba wote sita, kwa sauti nne, tukivuta mwisho wa kila mstari jinsi kwetu tunavyovuta. Kijana alicheka mpaka akatafuta kiti. Hakuna pambio lililowahi kuingia kanisani kwetu likabaki na kasi liliyokuja nayo. Mwaka baada ya mwaka tulikuwa tumelipunguza bila mtu kugundua, na mikono yetu ikalifuata.

Wenzangu walicheka pamoja naye. Mimi sikuweza, kwa sababu nilikuwa nimemkumbuka mtu wa Kalamba. Mwaka uliotangulia alianguka sokoni, kando ya magunia ya mbaazi, moyo ukasimama. Mimi ndiye niliyemkandamiza kifua mpaka tukafika hospitali, nikiimba pambio lile chinichini. Hakuamka. Baada ya mazishi mkewe alikuja hadi kibandani kwangu na ndengu za kujaa gorogoro, kopo la kupimia nafaka, akaniambia asante kwa kujitahidi. Nilizipika ndengu zile nikazila.

Kabla hatujaondoka Kabati nilimvuta mkufunzi kando, nikamsimulia habari ya mtu yule, nikamuuliza kama ni mimi niliyemwua.

"Mum, hiyo hakuna mtu anaweza kujua," akasema. "Wengi hawaamki hata ukifanya kila kitu sawa."

Lilikuwa jibu la kweli, lakini halikunisaidia kulala. Tulipewa wiki mbili turudi kupimwa tena. Atakayeshindwa atakaa nje ya kikosi mpaka mafunzo ya mwaka ujao, na kwa magoti yangu haya, mwaka ujao ni njia ya adabu ya kuambiwa kwaheri.

Mkufunzi alitutumia kwenye simu mlio wa kutushikia mwendo, tik, tik, tik. Nilifanya mazoezi juu ya gunia la vipande vya vitambaa. Dakika ya kwanza nilikwenda nao vizuri, ya pili pambio likarudi na mikono ikaanza kujivuta. Mazoea yana taabu. Siku ya nne nilishindwa kuvumilia, nikafunga kibanda nikaenda Kalamba kwa yule mjane.

Nilimkuta nyuma ya jiko akitwanga muthokoi, mahindi yaliyolowanishwa kidogo ili maganda yatoke. Sikungoja kukaribishwa.

"Dada, ile siku ya mzee wako nilikuwa namfinya polepole. Sikujua. Nimejua juzi tu, huko Kabati."

Alitwanga mara kadhaa bila kuniangalia. Kisha akaegemeza mchi ukutani akaingia ndani. Nilidhani amekwenda kuwaita mashemeji zake waje wanifukuze. Akatoka na mchi wa pili.

"Shika," akasema. "Hii mahindi ni mingi."

Wawili wakitwanga kinu kimoja hakuna nafasi ya kulia. Mchi wako ukipanda wa mwenzako unashuka, na ukichelewa kidogo inagongana. Tulitwanga mpaka mabega yakawaka moto. Ndipo akauliza ni nini kinacholia ndani ya kiondo changu. Ulikuwa ule mlio wa simu, niliokuwa nikiusikiliza njiani nikasahau kuuzima. Nikaitoa simu nikaiweka juu ya jiwe, tukaendelea.

Tik moja ilikuwa mchi wake, tik nyingine ilikuwa wangu. Peke yangu nilikuwa nusu ya mwendo. Miaka yote hiyo nilikuwa nikikandamiza vifua vya watu kama mwanamke aliye peke yake kinuni, asiye na haraka.

"Wewe ulikuja," akaniambia tulipopumzika, akipeta maganda. "Watu walikuwa wamejaa hapo, wengine wanapiga picha. Ni wewe tu ulipiga magoti. Hiyo ingine, enda urekebishe."

Nililia hapo, na hakunizuia.

Siku zilizobaki niliwafundisha wenzangu nyuma ya kanisa, mmoja akikandamiza gunia, mwingine akipiga kofi penye pengo, mpaka kila mkono ukajifunza kushuka penye kofi pia. Tukarudi Kabati. Nilipopiga magoti mbele ya mdoli niliusikia mchi wa mjane katika kila pengo, nami nikatwanga wangu na wake. Kioo kikawa kijani. Kikabaki kijani. Mkufunzi alisema jambo sikumsikia, akaja kunigusa bega.

"Mum, wacha sasa. Huyo alishapona zamani."

Tulipita wote sita. Mimi, mwanamke mzima mwenye wajukuu, nilipiga vigelegele vilivyowatoa wenye maduka nje. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo hata siku ya harusi yangu, na mume wangu ameshasikia nikisema hivyo.

Lakini simu ya kwanza sikumpigia yeye. Nilisimama nje ya ukumbi nikampigia mjane wa Kalamba.

"Nimepita," nikasema.

Nilisikia kuku wake.

"Umepita kabisa?"

"Kabisa."

"Basi sikia. Siku nikianguka mimi, ni nyinyi watapigia. Na uje wewe mwenyewe, usitume mtu mwingine."

Nikamwambia nitakuja.