Kompyuta ya Mama na Vitambaa vya Bibi

Enzi zetu pale Mbinga mjini, kompyuta haikuwa kitu cha kutia mfukoni na kukalia. Ilikuwa mgeni wa heshima. Yetu ilishuka kwenye basi la kutoka Songea imezungushiwa godoro, mjomba ameikumbatia kama mgonjwa, na nusu ya mtaa ikaja kuitazama.

Wenzangu mliokulia miaka ile ya soko huria mnakumbuka hali ilivyokuwa. Mitumba imefurika gulioni, wanunuzi binafsi wa kahawa wanapita na magari yao, na ofisi za ushirika zinafungwa moja baada ya nyingine. Mama alikuwa mpiga chapa katika mojawapo ya ofisi hizo. Siku ilipofungwa alirudi nyumbani na kikombe chake cha chai na kandambili za ofisini, akavua viatu mlangoni, akasema, "Vidole bado ninavyo."

Akaamua kufungua ofisi ya kuchapa palepale sebuleni kwetu. Shule moja ya sekondari ilishamwahidi kazi ya kuchapa mitihani, mradi awe tayari muhula ukianza. Kilichobaki ni kupakia ile programu ya kuandikia, ambayo mjomba aliiacha kwenye CD kabla ya kurudi Dar es Salaam. Mama aliitumbukiza CD, mstari wa bluu ukaanza kutembea kwenye kioo, nasi tukapiga makofi. Ulipofika katikati, ukaganda. Mausi haikusogea. Hata saa ndogo ya pembeni ilisimama.

Baba, mwalimu wa shule ya msingi asiye na maneno mengi, alimtazama akihangaika kwa siku kadhaa kisha akasema, "Mama Devota, shule zikifunguliwa hiyo mashine haijachapa hata ukurasa mmoja, mjomba wao aje aichukue. Wewe na watoto mpande Litembo kwa Mama, mkalime kahawa." Hakusema kwa hasira. Mshahara wake peke yake haukutosha kutuweka sote mjini. Devota ndiye mimi, na mimi kahawa niliijua: nilikuwa nimeichuma likizo zote, baridi ikiniuma vidole. Mama aliinuka akaenda kuifuta tena ile CD kwa khanga laini.

Umeme wa mji ulitoka kwenye jenereta na ulikuja jioni tu, kwa hiyo jioni zetu zote zikawa za kompyuta. Ilikuwa Juni, ukungu umekaa juu ya bati na masweta hatuyavui. Kabla ya jenereta kuwashwa tulicheza rede na kombolela mpaka magoti yakawa mekundu kwa udongo. Taa zikiwaka, ilikuwa marufuku kudundisha mpira ukutani, marufuku pasi ya umeme, marufuku kukimbia. Tulikula ugali na usipa, dagaa wa ziwani aliotuletea mama mkubwa kutoka Lipingo, tukitafuna polepole ili tusiitikise nyumba. Mnacheka, lakini sisi tuliamini kabisa kwamba kutafuna kwa nguvu kungeikwamisha mashine.

Mama alijaribu jambo moja kila jioni. "Nikibadilisha vyote kwa mpigo," alituambia, "sitajua kipi kimeponya." Jioni moja alifunga kila kitu kilichokuwa wazi kwenye kioo. Jioni nyingine alifuta michezo yote aliyoiacha mjomba ili kupata nafasi, nasi tukalia kama tumefiwa. Akahamisha waya kwenye soketi ya ukuta wa pili, akaazima parokiani stabilaiza ya kutuliza umeme. Fundi redio akasema ni kirusi. Jirani akasema ni jicho la watu. Mama akasema, "CD ingekuwa mbovu, ingekwama palepale kila siku. Hii leo imekwama robo, jana ilikaribia mwisho. Kuna kitu kingine, na nitakipata." Vijana wa leo simu ikichelewa kidogo wanaitikisa na kuitukana. Mama yangu hakuitukana ile mashine hata mara moja, ingawa ilistahili.

Bibi, mama yake baba, alikuwa ameshuka kutoka Litembo kukaa nasi kwa muda. Alikuwa mfumaji hodari, na kompyuta ilipofika aliifumia vitambaa vyeupe: kimoja cha monita, kingine cha lile sanduku lake, kikining'inia mpaka chini pande zote. "Kitu cha thamani hakikai uchi sebuleni," alisema. Chini ya vitambaa baba aliongeza nailoni, kwa ajili ya vumbi. Wageni walivisifia vile vitambaa kabla hata ya kuuliza kompyuta inafanya nini.

Jumamosi moja Mama alivifua vyote, na nailoni akaisuuza, kwa kuwa Jumapili tulitarajia wageni baada ya misa. Kwa ukungu ule, jioni vilikuwa bado vinachuruzika kambani. Mama akajaribu kupakia programu kompyuta ikiwa hivyohivyo, wazi. Mstari ukatembea, ukapita katikati, ukapita pale ulipowahi kufika, na umeme ukakatika mstari umebakiza upana wa kidole tu. Tulipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Kesho yake vitambaa vikarudi mahali pake, na jioni mstari ukaganda robo. Mama akaingiza mkono chini ya kitambaa, ubavuni mwa sanduku penye vitundu, akauchomoa upesi. Nilimwona akimtazama Bibi, aliyekuwa kwenye kiti chake akianza kufuma kingine. Kwetu mkwe haondoi zawadi ya mamamkwe mbele ya macho yake. Baba aliinamisha kichwa.

Mama akapiga goti. "Mama, nisamehe. Ni vitambaa. Vinaibana, joto halina pa kutokea. Naomba niviondoe."

Bibi aliinuka, akaweka kiganja chake ubavuni mwa mashine.

"Ina homa," alisema. "Mfunue basi! Mtoto wa homa masista walitukataza kumfunika blanketi. Mlikuwa mnangoja nini?"

Akavivua mwenyewe, nailoni akaitupa pembeni, vitambaa akavikunja mapajani, akaketi navyo. Mama akaizima mashine ikapoa, akaanza upya. Hakuna aliyeongea. Baba alisimama mlangoni, sisi watoto sakafuni, Bibi na vitambaa vyake, na mstari wa bluu ukatembea mpaka ukajaa kioo. Mama akafunika uso kwa viganja, akalia. Hatukupanda Litembo. Mitihani ile aliichapa, na ya shule nyingine baadaye, na ada zetu zote zilitoka kwenye vidole vyake.

Siku hizi naishi Songea. Sebuleni kwangu kila mtu ana kioo chake, programu zinajipakia zenyewe tumelala, na chochote kikikwama kijana anakuambia, "Mama, imekufa hiyo, ninunulie nyingine." Sikatai maendeleo. Lakini mwaka jana mwanangu alikaa wiki nzima na jambo lililomlemea shuleni, tuko kochi moja, kila mmoja ameinamia simu yake, na habari nikaja kuzipata kwa jirani. Nikikumbuka jinsi nyumba nzima ilivyonyamaza kwa ajili ya lile sanduku, nalionea wivu kwa niaba ya mwanangu.