Bamia za Kwanza

Nilirudi kijijini kwetu Pande kumuuguza mama aliyepooza upande mmoja, na kaka yangu aliahidi kuja kunipokea zamu baada ya muda mfupi. Kwa hiyo nyuma ya nyumba nilipanda mchicha na bamia tu, vitu vya kukomaa haraka. Mchicha tukaula, kaka hakuja. Bamia za kwanza nilizichuma zikiwa changa, nikampelekea mama kitandani kwenye ungo. Akazipapasa kwa mkono wake ulio mzima, akacheka.

“Mashallah! Mkono wako una baraka, mwanangu. Sasa panda na mihogo.”

Mihogo hukaa ardhini karibu mwaka mzima.

“Haya, mama,” nikamjibu. Nikatoka, nikalia kimya kati ya matuta. Jioni nikaenda kwa jirani kuomba mbegu ya mihogo.