Nilimkalisha Opio Juu ya Gunia, Adongo Nikamficha Nyuma ya Pazia

Kosa ni langu, na sitafuti wa kunisaidia kulibeba. Sitaji jina kwa sababu hapa mpakani Busia nikijitaja tu, hata wasukuma mikokoteni watanijua.

Nauza unga wa uji wa watoto: wimbi, soya, karanga na dagaa wa omena, nachanganya mwenyewe. Nilizaliwa upande wa Kenya nikaolewa Nabuyoga, kule Tororo, Uganda. Miaka tisa iliyopita nilijifungua pacha. Kwa kina mume wangu, wa kiume akitangulia huitwa Opio, na wa kike anayemfuata ni Adongo.

Walinyonya ziwa moja, wakaanza uji wa chungu kimoja. Adongo akifika nusu kikombe alikuwa anageuza uso. Opio alimaliza chake, akamaliza cha dada yake, kisha akashika kikombe kitupu na kulia mpaka niongeze. Alipofikisha mwaka mmoja, mikono yake ilikuwa mikunjo mitupu. Adongo alikuwa mzima, anakimbia huku na huku, ila mwembamba.

Sijui ni shetani gani aliyeniingia. Hapana, nisimsingizie shetani. Nilimkalisha Opio juu ya gunia la unga mbele ya kibanda changu ili wateja wamwone. Akina mama waliokuwa wakivuka na watoto mgongoni walisimama wenyewe, wakauliza namlisha nini. Nililipiga gunia kofi, nikawaambia ni huu huu.

Siku moja mama mmoja kutoka Kwapa alimwona Adongo akicheza miguuni pangu.

"Na hii mtoto nakonda hivi ni ya nani?"

"Ni wa jirani," nikajibu.

Jamani, nilimkana mwanangu akiwa ameshika gauni langu. Aliinua uso akanitazama. Alikuwa na miaka mitatu, na alielewa kila neno.

Tangu hapo mteja akija nilimsukuma Adongo nyuma ya pazia la kibanda. Nikaacha hata kumwita Adongo mbele ya watu, kwa sababu jina hilo kwa mtu wa huku linasema kwamba kuna mwenzake, na wangeanza kuwalinganisha. Nikamwita Rozi.

Mama mkwe alipokuja kutusalimia, alimkuta Opio juu ya gunia na chapati mkononi. Hakukubali hata kiti.

"Mama Pacha, hii njaa mimi najua. Kaka yangu alikuwa nayo. Yeye nakula, nakula, na bado nalia njaa. Mwisho miguu ilikataa kubeba yeye, akakufa bado kijana. Toa mtoto kwa hii gunia."

"Mama, unataka nimkondeshe watu waseme namnyima?" nikamjibu, na nilikuwa nacheka. Moyoni nilisema huyu bibi ana wivu tu, hataki kuona biashara yangu ikienda. Akarudi Nabuyoga bila kunywa chai yangu, nami nikaendelea kumwongezea Opio kila alipolia.

Sasa ana miaka tisa. Kutoka shule hadi kibandani anapumzika mara tatu. Anasinzia darasani, na akikaa tu anaanza kukoroma. Mwalimu wake ndiye aliyenituma hospitali, mimi nilikuwa bado namwona ana afya.

Daktari alimpima, akauliza habari za ukoo, kisha akauliza kama mtoto ana ndugu. Ikabidi nimlete Adongo. Aliwatazama wote wawili kwa muda.

"Wanakula chungu kimoja?"

"Kimoja, daktari."

"Basi si unga wako, mama. Hata pacha kama hawa, kila mmoja hurithi yake. Kuna mtoto anayerithi njaa kubwa na kuchelewa kushiba, kama mwingine anavyorithi pua ya babu. Huyu alizaliwa nayo, si ulafi. Lakini haikuwa lazima afike hapa. Alihitaji mtu wa kumsaidia tangu mapema. Nani alikuwa anamwongezea?"

Nikamwambia ni mimi. Akaniambia sukari ya mtoto imeanza kupanda, na tukichelewa tena itatushinda.

Nikaanza kumpimia chakula kama nilivyoagizwa. Wiki ya pili, mchana, nikamkuta nyuma ya kibanda ameingiza mkono kwenye gunia. Mdomo mzima ulikuwa unga mkavu, na machozi yalikuwa yamechora mistari mashavuni. Nikainua mkono nimchape.

"Mama," akasema, "Adongo anasemanga ameshiba. Kushiba kunakaa aje?"

Mkono ulishuka wenyewe. Nikamfuta unga mdomoni kwa ncha ya leso.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Nina mtoto mwingine sasa, wa miezi minne, wa kiume. Anamaliza ziwa la kulia, anamaliza la kushoto, kisha anageuza kichwa mdomo wazi, anatafuta la tatu. Kila akifanya hivyo namkumbuka yule kaka wa mama mkwe ambaye sikuwahi kumwona. Naogopa, siwezi kuficha.

Juzi mteja wangu wa zamani alimwona nikimnyonyesha, akafurahi.

"Huyu naye mkalishe kwa gunia, tuone."

Kabla sijafungua kinywa, Adongo aliinuka. Alimtoa mtoto mapajani mwangu, akamwingiza nyuma ya pazia, akakaa naye huko mpaka yule mteja alipoondoka. Alipotoka alinitazama vile vile kama siku ile ya mama wa Kwapa.

Akina mama wenzangu, msipime afya ya mtoto kwa mikunjo ya mikono yake, na bibi akiwasimulia mambo ya ukoo, kaeni chini msikilize. Na ukipita sokoni ukaona mtoto mnene amekalishwa juu ya gunia, usiulize anakula nini. Uliza ndugu yake yuko wapi.