Vijino vya Katikati

Baba mdogo, mpiga kinanda wa kikundi chetu cha tarabu pale Tandika, alitoa sharti mbele ya watu wote: kinanda cha pili, changu, kisipolia kabla ya adhana ya alasiri, harusi ya Jumamosi anapiga peke yake na mie nabeba viti. Mie! Niliyekuwaga napiga zile nyimbo kwenye dawati la kidato cha pili mpaka mwalimu wa hesabu akadhani vidole vyangu vinaumwa.

Chanzo ni boksi. Shemeji yake baba mdogo, baharia, alilileta toka Dubai, dogo kama la viatu, jeusi, ila ndani mna sauti za fidla, filimbi, ngoma, kundi zima limelala. Ukitaka kuliamsha unachomeka waya wa midi toka kwenye kinanda. Nyuma lina matundu mawili, ya vinanda viwili, lakini waya ulikuja mmoja. Baba mdogo akauwahi. Kinanda chake kikalia fidla, shangazi, mwimbaji wetu, akashika kifua: "Yarabi!"

Waya wangu akautengeneza fundi redio wa mtaa wa pili. Plagi za vijino vitano, zinaingia sawasawa. Nikabonyeza. Kimya.

"Boksi limekukataa," baba mdogo akasema. "Limesikia sifa zako za shuleni."

"Linaniogopa tu, baba mdogo."

"Viti vinakungoja."

Shangazi akataka niongeze sauti. Nikamwambia waya huu haupitishi sauti, unapitisha amri: bonyeza, achia. Boksi ndilo linaloimba. Nikaazima waya wa baba mdogo, nikauchomeka kwenye kinanda changu. Kikalia! Kumbe kinanda kizima, boksi zima, mgonjwa ni waya.

Nikaufungua kwa kisu cha jikoni, nikafungua na kijitabu cha boksi penye mchoro. Nikacheka peke yangu. Fundi ameunga nyaya kama za redio: vijino viwili vya pembeni na kimoja cha kati. Midi inataka vitatu vya katikati. Vya pembeni havina kazi, vinakula bure kama mie.

Nilikimbia, ndala moja ikabaki njiani.

"Shikamoo fundi! Umeniungia redio!"

"Marahaba. Na we unanifundisha kazi?"

Nikamwekea mchoro puani. Akaguna, akachomea risasi upya. Narudi mbio, spika ya msikiti inakohoa, muadhini anajiandaa. Nikachomeka, nikabonyeza. Filimbi! Nyembamba, tamu, mpaka mwili ukanisisimka. Shangazi akapiga kigelegele, kisha adhana ikatunyamazisha wote.

Hapo mtu mwenye akili angetulia. Mie, wakati baba mdogo kaenda kuswali, nilihamisha kinanda chake kwenye chaneli ya ngoma.

Akarudi, akakaa kama kadhi, akafumba macho, akaanza ule utangulizi wake wa huzuni. Ndu! Ka! Chwiii! Ndu-ndu!

Shangazi alicheka hadi akakaa chini. Baba mdogo hakufumbua macho. "Viti," akasema.

"Aka!" shangazi akamkatisha, anajifuta machozi kwa kanga. "Sharti lilikuwa kilie. Kimelia. Tena na chako kimelia, sema kimelia vingine."

Jumamosi nilibeba viti vyote, kimoja kimoja. Cha mwisho nikakiweka nyuma ya kinanda cha pili, nikakikalia.