Filamu ya Katikati

Mfuko wa parashuti una vifuniko vinne vya kitambaa, na ndani ya kila kifuniko hushonewa kibao chembamba cha plastiki. Bila kibao hicho kitambaa hulegea na pini inayofunga mfuko hupinda. Pini iliyopinda haichomoki. Mrukaji atavuta, na hakuna kitakachofunguka. Kwa hiyo usidharau kipande cha plastiki. Mimi nilikidharau mara moja.

Nilikuwa nikishona viti vya magari na mjomba wangu katika komini iitwayo Kenya, mtaa wa mji wetu wa shaba, si ile nchi. Mwalimu mmoja kijana, jirani yetu, alikuwa wa kwanza mtaani kukubaliwa na klabu ya warukaji. Alituletea mfuko mkuukuu ambao vibao vyake vilikuwa vimevunjika. Jumapili angeruka nao.

Kuchagua plastiki si kazi ngumu ukiwa na subira. Kata kipande, kikunje mara nyingi, kitie katika maji ya moto, kisha katika barafu ya muuza samaki, ukikunje tena. Plastiki ya ndoo ilikatika ilipotoka kwenye barafu. Ya bidoni, yaani dumu la maji, ilikuwa imara, lakini tulipoilaza mezani ilijiinua yenyewe taratibu, ikitafuta umbo lake la zamani, na mjomba akaiondoa mezani.

Iliyoshinda ni filamu ya radiografia, ile picha ya eksirei ya hospitali. Sokoni ziliuzwa kwa mafungu: vifua vya wachimbaji wa shaba waliokwisha kufa. Ukigundisha tatu pamoja unapata kibao chepesi kisichovunjika.

Mjomba aliinua moja kwenye mwanga wa mlango, mbavu zikaonekana.

"Muntu muzima hawezi kubeba mufu ku mugongo," alisema.

Hakuzikataa, alitaka zioshwe. Kwetu kitu cha marehemu huombwa kwanza. Kila filamu aliipaka pemba kidogo, ule udongo mweupe, akamwomba mwenye kifua atuachie plastiki na yeye aende zake. Ndipo nikaitumbukiza katika maji ya javeli, dawa ya kung'arishia nguo. Weusi ulibanduka polepole, ubavu mmoja mmoja, ukaelea juu ya beseni.

Jumamosi mjomba alikwenda Kambove kwenye matanga. Nilibaki na kibao kimoja cha kumaliza na filamu moja isiyooshwa, na javeli ilikuwa imekwisha. Filamu yenyewe ilikuwa imechanika pembeni, kwa hiyo nikapunguza kibao kwa upana wa kidole. Niliiweka katikati ya zile mbili safi, nikagundisha, nikashona. Sikuiomba. Nani angeiona?

Jumapili nilisimama uwanja wa ndege, shingo juu, nikihesabu. Parashuti ilipofunguka nilikaa chini kwenye nyasi. Mwalimu alikuja amekumbatia kitambaa chake. Wenzake walikuwa wakimpongeza, yeye hakucheka.

"Yaya, uliweka nini mule?" aliniuliza, kwa jina tunalomwita ndugu mkubwa.

Nilimuuliza kama kuna kilichochanika. Akatikisa kichwa.

"Kulikuwa muntu anagonga ku mugongo. Mara tatu, ananyamaza. Tena mara tatu. Sawa vile bantu banagongaka ku mulango."

Nilimweleza kwamba kibao kimoja nilikikata kifupi, na upepo ukipita chini ya ukingo hukipigapiga. Ni kweli, na hata leo ningemweleza hivyo mwanafunzi yeyote. Alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho.

"Lakini upepo haupumzikake, yaya."

Nikamwambia habari ya filamu. Akauvua mfuko na kuniwekea mikononi, kwa uangalifu, kama unavyompa mtu mtoto aliyelala.

"Umutoshe kwanza, atoke mule. Ndiyo nitaruka tena."

Jumatatu asubuhi niliulaza mezani, nikachukua mkasi na kutafuta mshono. Kabla ya kukata uzi wa kwanza niligonga kifuniko kwa kidole, mara tatu, nikangoja.