Jani la Sale kwa Mama Mzazi

Nilikuwa namfungulia binti yangu aliyetoka kujifungua chupa ya mtori kliniki, muuguzi akamuuliza, "Unalala? Unaogopa kubaki na mtoto peke yako?" Mvuke wa ndizi na nyama ukanipiga usoni, nikashindwa kumimina.

Mama alipomzaa mdogo wangu, mtori ulipoa kando ya kitanda bila kuguswa. Halali, haongei, mtoto akilia anatazama ukuta. Bibi akaamua kuna aliyemkosea. Kwetu, ukiletewa jani la sale lazima usamehe. Baba akampelekea, shangazi akampelekea. Mama hakulipokea. Sijawahi kuona watu wazima wakiogopa vile.

Nikabaki mimi. Nilijua kosa ni langu. Nilikuwa nimevunja kibuyu chake cha maziwa nikanyamaza. Nikampelekea jani langu.

"Mama, nisamehe."

Aliliacha jani, akanishika mkono kwa nguvu. "Mpeleke mtoto kwa bibi. Usimwache na mimi."

Nikambeba mdogo wangu hadi jikoni.

"Amesemaje?" bibi akauliza.

Nikamweleza neno kwa neno.

"Unaona?" bibi akamgeukia baba. "Bado ana hasira. Nenda kakate sale jingine."