Ng'ombe Saba na Swali Ambalo Benedicta Hakuliuliza

Saa moja asubuhi, Ilomba jijini Mbeya, Benedicta Kalinga anaitazama picha ya ng'ombe mwekundu kwenye kompyuta yake. Chini ya picha kumeandikwa: Mwenye mali, Masanja. Si kweli, na aliyeandika ni yeye.

Simu inaita. Ni Regina, mjane wa Kihesa, Iringa.

“Mdogo wangu, fundi si wewe? Futa hilo jina, weka langu. Kikao cha kijiji ni saa nane!”

Kufuta kungemchukua nusu dakika. Benedicta anafunga kompyuta, anamwachia jirani mwanaye wa miaka miwili, anakwenda kupanda basi la Usangu, kwenye kikao.

“Nikibadilisha kimyakimya leo, kesho nani ataamini majina ya ng'ombe wengine mia tatu?” anasema.

Benedicta, 31, anaishi kwa mikataba. Anashauri shule na zahanati kuhusu mifumo ya kompyuta, na anaitengeneza inapogoma. Jumamosi ni zake mwenyewe. Mwaka jana alitumia Jumamosi kumi na tisa kuzunguka maboma ya wafugaji, akipiga picha ng'ombe 312 kwa ajili ya programu ya simu aliyoiita Zizini. Ng'ombe akipotea, picha yake na jina la mwenyewe vinaonekana.

Kila boma aliuliza jina la baba mwenye mji, akaliandika kwa kila ng'ombe aliyekuwemo zizini.

“Nimekulia Iringa mjini. Nyumbani tulikuwa na kuku,” anasema.

Hakujua kwamba zizi moja huwa na ng'ombe wa watu wengi. Mtu humpelekea rafiki ng'ombe amfugie. Rafiki anakunywa maziwa, lakini ng'ombe na ndama wanabaki wa mwenyewe. Karatasi hakuna.

Marehemu mume wa Regina alipeleka wawili kwa Masanja, mfugaji wa Usangu. Leo wamefika saba, na ndiyo mali pekee aliyoachiwa. Machi mwaka huu Masanja naye akafariki, na wanawe wanadai ng'ombe hao ni wa baba yao. Maandishi yaliyobaki ni ya Benedicta tu.

Saa nane, watu kama arobaini wamejaa mbele ya ofisi ya kijiji. Malimi, mtoto mkubwa wa Masanja, anainua simu juu.

“Si mlituambia hii haidanganyi? Someni wenyewe!”

Wadogo zake wawili wamesimama nyuma yake na fimbo. Regina ameinamisha kichwa.

Benedicta anasimama. “Nimekosea mimi. Niliandika jina la boma. Sikuuliza kila ng'ombe ni wa nani.”

“Amekuahidi wangapi?” mmoja anadakia. Watu wanacheka. “Dada wa kompyuta, rudi Mbeya!”

“Ningetaka kumpendelea, ningebadilisha asubuhi nikiwa kwangu. Neno la siri ninalo. Sijagusa kitu. Nimekuja mnizomee.”

Mama yake Malimi ananyanyuka taratibu.

“Mayu, kaa chini,” Malimi anamsihi.

“Nikae nini? Umekulia maziwa ya ng'ombe wa Regina wewe! Baba yako angekuwepo, ungeinua hiyo simu?”

Malimi anaishusha.

“Waandikwe,” anasema, bila kumtazama mtu.

Ng'ombe saba wanaandikwa upya hadharani: mwenye mali, Regina, mfugaji, Malimi. Jina la zamani halifutwi. Linaachwa chini pamoja na tarehe ya kosa, kila mtu alione.

Kazi haijaisha. Ushirika wa wafugaji uliokuwa karibu kuanza kutumia Zizini umesitisha mazungumzo. Zimebaki picha 305 za kuuliza upya, safari hii mwenye ng'ombe na mfugaji wakiwepo wote wawili. Benedicta anakadiria mwaka mzima.

“Nataka mjane asome jina lake mwenyewe, asilazimike kumwomba mtu,” anasema.

Jumamosi iliyofuata yuko boma la kwanza, kwa mzee Mathew.

“Baba, kati ya hawa ishirini na wawili, wa kwako wangapi?”

Mzee anageuka kuangalia kama majirani wanasikia. “Tisa,” ananong'ona. “Lakini andika polepole, mwanangu. Kesho naenda kumposea kijana wangu, na wakwe wanadhani wote ni wangu.”

Benedicta anaandika tisa.